Muulize Mchoraji: Hina kwenye baridi yetu, na kwa nini piko siipaki

Kipupwe kimeingia, mahindi yako ghalani, na sherehe zimefuatana kuanzia Tunduma mpaka Iringa. Barua nyingi za mwezi huu zinagusa hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mwili, kwa hiyo nimezikusanya hapa pamoja. Mliouliza kuhusu kucha za kubandika, nawajibu toleo lijalo.

Shikamoo Mama. Sendofu yangu ni mwisho wa Julai hapa Uyole, na harusi ni wiki mbili baadaye Dar es Salaam. Dada wa saluni ameniambia hina ya kawaida haikolei Mbeya kwa sababu ya baridi, kwa hiyo anipake piko: nusu saa tumemaliza, na inatoka nyeusi tii kama kwenye picha. Shangazi yangu wa Kyela anasema wao walipaka hina na ikakolea vizuri tu. Nimsikilize nani? – Bibi harusi mtarajiwa, Uyole

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Msikilize shangazi. Dada wa saluni naye ana neno moja la kweli, kwamba baridi inaichelewesha hina, lakini dawa ya kuchelewa ni kuanza mapema.

Shangazi anakumbuka sawasawa. Kyela iko chini kando ya Ziwa Nyasa, kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, na joto lake unalijua. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, na Uyole ndiyo baridi zaidi. Rangi ya hina, ambayo wataalamu huiita lawsoni, imefungiwa ndani ya jani. Unga ukilowekwa kwa ndimu, rangi hiyo huanza kuachia polepole, na joto ndilo linaloisukuma. Kyela ukiloweka asubuhi, alasiri unachora. Uyole mwezi wa saba, bakuli la leo usiku ni la kesho jioni. Fundi asiyelijua hilo huchora na hina ambayo haijaiva, ikatoka imepauka, kisha analaumu Mbeya.

Kwa hiyo panga hivi. Sendofu ikiwa Jumamosi, chorwa Alhamisi jioni. Hina ikikauka, mwambie mtu akupige-pige juu yake pamba yenye maji ya ndimu na sukari ili isibanduke, halafu lala nayo. Ijumaa asubuhi ikwangue ikiwa kavu, kwa mgongo wa kisu. Usiioshe. Maji yakae mbali na mikono yako mpaka jioni, na siku hiyo vyombo aoshe mdogo wako. Utakapoikwangua utakuta rangi ya chungwa, na hapo ndipo mabibi harusi wengi huanza kulia. Usilie. Hina huendelea kuiva ndani ya ngozi kwa siku mbili, na Jumamosi jioni utakuwa na kahawia iliyokolea.

Sasa piko. Jani la hina halitoi weusi tii, wala halitoi rangi ya maana kwa nusu saa. Kinachofanya hivyo ni parafenilenidiamini, kemikali ya rangi za nywele ambayo kwenye boksi huandikwa PPD. Ndiyo inayoipa nguvu kanta wanayopaka wazee kuficha mvi. Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 2 kwenye rangi ya nywele inapopakwa, na hauruhusu kabisa ipakwe kwenye ngozi. Rangi nyeusi za kuchorea mwili zilipopimwa maabara huko ng'ambo, nyingine zilikutwa na zaidi ya asilimia 10. Na rangi ya nywele huoshwa upesi. Ua la piko linaachwa likaukie mwilini.

Jambo ninalotaka ulishike zaidi ni tarehe zako. Mtu ambaye mwili wake haujawahi kuizoea kemikali hii anaweza kukaa salama wiki moja, mbili, hata tatu baada ya kuchorwa, ndipo ngozi iwake. Wewe uchorwe mwisho wa Julai, harusi iwe wiki mbili baadaye. Malengelenge yatakukuta umevaa shela.

Wateja wanaokuja kwangu Mwanjelwa wakitaka piko nawaeleza haya yote, na wapo wanaonyanyuka wakaenda kwa mwingine. Nawaacha waende. Ngozi ya mtoto wa watu siwezi kuichoma kwa sababu ana haraka.

Kama unapenda weusi, uhamishie maua kwenye viganja, vidole na nyayo. Huko ngozi ni nene na hina hushika sana, hata ikakaribia weusi. Mgongo wa mkono hubaki mwepesi zaidi. Na kwa kuwa harusi ni wiki mbili mbele, hina hii itakuwa imeanza kufifia, kwani ngozi hujivua yenyewe na kuondoka na rangi. Ukifika Dar rudia. Joto la kule litakusaidia.

Mama, niko Kihesa, Iringa. Nilichorwa piko mkononi kwenye kichenpati ya rafiki yangu. Siku ya tisa ua likaanza kuwasha, sasa limevimba na kutoa malengelenge yenye umbo lilelile la ua. Jirani anasema nipake dawa ya meno, mwingine anasema ndimu. Nifanye nini? – Mwenye maumivu

Pole sana mdogo wangu. Weka gazeti chini, uende kituo cha afya leo hii. Jibu langu lililobaki utalisoma kwenye foleni.

Ndimu usipake, dawa ya meno usipake, jivu usipake. Osha taratibu kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo na manukato, na malengelenge usiyatoboe, kwa sababu yakipasuka wadudu huingia na hapo ndipo kovu linapozaliwa. Kitambaa safi chenye maji baridi kitapunguza moto. Daktari au tabibu ataangalia kama unahitaji krimu ya kutuliza uvimbe, vidonge, au dawa ya usaha. Usijinunulie krimu dukani, maana nyingi zinazouzwa kwetu ni zile kali ambazo watu hujichubulia. Ukiona uso unavimba, macho yanaziba au pumzi inakuwa fupi, usisubiri kesho. Hiyo ni dharura.

Wakikuuliza umepaka nini, sema piko. Usione aibu ukasema hina, kwa sababu dawa ya kumtibu mtu inategemea ukweli huo, na hina ya watu inachafuliwa jina bure.

Kuna la kudumu pia, na nakuambia nikijua linaumiza. Mwili ukishaikataa PPD, kwa kawaida hauisahau tena. Kuanzia sasa rangi nyeusi ya nywele, kanta na piko viwe mwiko kwako, hata ukifika miaka 50 na mvi zimejaa. Mwambie kila msusi kabla hajagusa kichwa chako, kwa maana safari ya pili huja upesi na kwa nguvu zaidi, na kichwani uvimbe hushuka usoni. Mwambie na daktari wa meno, kwa sababu baadhi ya dawa za ganzi, kama benzokaini, zina undugu na kemikali hiyo.

Ngozi ikipona, huenda ua likabaki kama baka jeupe au jeusi kwa miezi. Lifunike lisipigwe na jua, lipake mafuta ya kawaida, ulipe muda. Tafadhali usilitibu baka kwa mkorogo.

Shikamoo Mama. Naanza biashara ya kuchora hina hapa Njombe. Nimejifunza maua kwenye simu na mkono wangu ni mzuri, ila hina yangu inatoka rangi ya karoti na siku ya tatu imetoweka. Wateja wananung'unika. Nakosea wapi? – Mchoraji mpya, Njombe

Marahaba! Barua yako imenifurahisha, maana umeuliza badala ya kukimbilia piko.

Njombe ni baridi kuliko hata Mbeya, kwa hiyo anza na uloweshaji. Gramu 100 za unga, maji ya ndimu au limau mpaka uwe mzito kama viazi vya kuponda, funika kwa nailoni iguse unga wenyewe, uache usiku kucha mpaka jioni ya kesho yake. Ongeza kijiko au viwili vya sukari ili ishike ngozi, na mafuta ya mimea yenye manukato, siyo ya kupikia, kama mililita 30. Wenzetu ng'ambo hutumia mafuta ya mti-chai au ya lavenda. Ya mkaratusi nayo yanafaa, ila usimpake mtoto mdogo wala mjamzito hina yenye mafuta hayo. Karafuu ni kali kwa ngozi; mimi nimeiacha. Petroli, mafuta ya taa na thina visikanyage bakuli lako hata kidogo, kwa kuwa ni sumu zinazoingia mwilini kupitia ngozi. Jioni hiyo legeza kwa ndimu kidogokidogo mpaka ichuruzike kama mtindi mzito.

Utajuaje imeiva? Weka tone kiganjani, hesabu dakika tano, futa. Ikiacha alama ya chungwa inayoonekana wazi, anza kazi. Isipoacha, sogeza bakuli karibu na jiko, lakini usiliweke juu ya moto. Ukiipika rangi imekufa. Iliyobaki igandishe kwenye friza ikiwa ndani ya koni, kile kimfuko chenye ncha cha kuchorea, itakaa miezi. Ukiiacha mezani inachoka baada ya siku chache. Kwa sababu hiyohiyo zitilie shaka koni za dukani zilizokaa rafuni mwaka mzima zikiwa bado na nguvu: kuna kitu ndani yake kisicho jani. Zinuse. Hina inanuka kama majani makavu yaliyolowa mvua. Koni inayonuka kama gereji, irudishe.

Unga nao uangalie. Wa nywele huwa na vijiti vinavyoziba koni, kwa hiyo upitishe kwenye soksi ndefu ya nailoni. Tafuta uliovunwa karibuni. Mwingi wa huu mzuri unaotufikia hutoka India, na mji wa Sojat huko Rajasthan unajulikana kwa mashamba ya hina. Unga uliopoteza nguvu hautaufufua kwa ndimu. Koni zenyewe ninazikunja kwa ile nailoni ngumu ya kufungia zawadi na maua, inayong'aa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na kwa kweli haikuwa na manufaa kwa koni, ilikuwa inalegea.

Sasa nakuja kwenye kosa ambalo nadhani ndilo lako hasa, kwa kuwa ni la nyanda zetu za juu. Baridi inakausha ngozi, kwa hiyo sisi wote tumekua tukipakwa mafuta ya mgando asubuhi na jioni mpaka tunang'aa. Mteja wako akifika amejipaka, hina inakaa juu ya mafuta, haigusi ngozi. Mwambie tangu anapoweka miadi kwamba siku hiyo asipake kitu mikononi wala miguuni. Akifika, aoshe kwa sabuni, akaushe, kisha umfute kwa spiriti. Halafu mpashe joto. Mkono wa baridi haushiki hina hata iwe nzuri namna gani. Mpe chai ya tangawizi, akumbatie kikombe, akae karibu na jiko la mkaa. Na hapa nisikilize vizuri: dirisha liwe wazi. Kila kipupwe tunazika watu waliolala na jiko ndani, na hewa ya mkaa haina harufu ya kukuonya. Wanawake sita wamejifungia chumbani wakichorwa maua ni hatari kubwa.

Hina ikae mwilini kwa muda wa saa sita hadi nane. Akienda kulala avae soksi, mikononi pia. Baada ya kukwangua apake mafuta ya nazi au ya alizeti, na kila kabla ya kuoga apake tena ili maji yasiivue rangi. Hapo mafuta yanaruhusiwa, tena yanahitajika.

Mteja mwenye ngozi iliyochubuliwa mweleze mapema kwamba rangi itakuwa hafifu. Hina hukaa kwenye tabaka la juu la ngozi, na mkorogo umeshalila tabaka hilo. Asije akakulaumu wewe.

Mama, nimejifungua mtoto wa kiume. Arobaini inakaribia, na mama mkwe, ambaye ni mtu wa Pwani, anataka mtoto apakwe hina nyayoni. Ni hina safi ya jani, siyo piko. Hakuna tatizo? – Mama kijana, Rujewa, Mbarali

Hongera kwa mtoto mwanangu. Hapana, asipakwe.

Hapa usafi wa hina hausaidii. Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinachozilinda chembe nyekundu za damu. Hali hiyo mtoto wa kiume huirithi kutoka kwa mama, huwapata zaidi watoto wa kiume, na imeenea katika maeneo yenye malaria ya muda mrefu, na mabonde ya Usangu ni mojawapo. Mtoto mwenye hali hiyo akipakwa hina, ile lawsoni hupenya ngozi yake laini na chembe za damu hupasuka. Huwa manjano machoni, mkojo unakuwa mweusi kama soda ya kola, analegea. Wapo watoto waliokufa kwa sababu hiyo katika nchi zenye mila ya kupaka hina, na madaktari wameandika. Wewe hujui kama wako anayo, na kwa macho haionekani.

Kama alishapakwa kabla hujaisoma barua hii na ukaona dalili hizo, kimbia hospitali, uwaambie ilikuwa hina.

Mama mkwe usimkatalie hadharani. Mfuate akiwa peke yake, mwambie umeambiwa na fundi wa hina mwenyewe, kisha umwombe yeye na wewe mpakwe siku hiyo, wewe viganja na yeye nyayo, mtoto awe mapajani mwake. Sijaona bibi anayekataa heshima ya namna hiyo.

Bwana Yesu asifiwe, mama. Binti yangu anasoma chuo, amerudi nyumbani Makambako na maua ya hina mikono yote miwili. Kanisani wananong'ona kwamba ni tatuu na ni mambo ya dini nyingine. Nimkemee? – Mama wa binti

Ameni, mama. Mimi si mchungaji, na la mafundisho ya kanisa lenu muulizeni wa kwenu. Ninachoweza kusema ni cha fundi: tatuu huingizwa kwa sindano ndani ya ngozi na haitoki, hina haichani wala haitoboi, na baada ya wiki moja hadi tatu haipo. Kuhusu dini, huko Misri Wakristo wa Kikopti nao hufanya usiku wa hina kabla ya harusi, na katika Biblia, Wimbo Ulio Bora 1:14, hina imetajwa kwa upendo katika mizabibu ya Engedi. Mwaka 2024 UNESCO iliiweka hina kwenye orodha ya urithi wa utamaduni kwa maombi ya nchi 16 za Kiarabu, na wanaoipaka huko si wa dini moja.

Mama, kabla ya kukemea, muulize kama ni hina au piko. Hilo ndilo lingeninyima usingizi.

Dada, mimi ni kijana wa kiume, napasua mbao Mafinga. Nataka tatuu ya simba begani, ila kwanza nijaribu ya muda nione kama nitaipenda. Hina inafaa? Na kuna nyeusi isiyo na sumu? – Wa Sao Hill

Umefikiri vizuri kujaribu kwanza. Hina inafaa, na wanaume huchorwa, usiwajali watakaokucheka. Ila begani ngozi ni nyembamba, rangi itakuwa ya kahawia nyepesi, na kwa mtu mweusi haitaonekana kwa mbali. Mchoro wenye mistari minene utakuwa bora kuliko simba wa manyoya membamba. Upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, hushika zaidi kuliko bega.

Nyeusi ya mmea ipo: tunda la jagua la Amerika Kusini, ambalo juisi yake hugeuka bluu-nyeusi kwenye ngozi baada ya siku moja au mbili. Huku kwetu sijaiona ikiuzwa, na kuna wachache ambao huwadhuru pia, kwa hiyo ukiipata jaribu tone moja nyuma ya kiwiko usubiri siku mbili. Ukiambiwa "jagua" na ikawa nyeusi palepale, hiyo ni piko iliyopewa jina jingine.

Chorwa Jumamosi jioni baada ya kazi, baada ya kuosha utomvu wa misonobari wote. Jumatatu ukirudi kiwandani vaa shati la mikono mirefu. Vumbi la mbao na jasho vinasugua, na simba wako atafifia kabla hujaamua.